Mwanangu wa miaka 12 ameanza besiboli, nami nimesoma orodha ya waliokufa. Nimtoe?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, mwenyeji wa Tanga, tunaishi Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita. Kijana wangu wa pili ana miaka 12 na ameingia timu ya besiboli ya mtaani kwetu. Anaupenda mchezo huo kuliko chakula. Juzi mwenzangu kazini aliniambia kuwa kulikuwa na mchezaji wa Cleveland, hapa hapa Ohio, aliyeuawa na mpira uliompiga kichwani. Nikaingia mtandaoni, nikakuta orodha ndefu ya wachezaji wa kulipwa waliokufa, wengine vijana kabisa. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Baba yake anasema naogopa bure, maana hata kwetu watu wanacheza na wanakufa. Mdogo wangu wa kiume alianguka akicheza mpira wa miguu akiwa na miaka 24 na hakuamka tena, ila yeye walisema ni presha. Nimeona pia fulana ya kifuani inauzwa, wanasema inazuia moyo kusimama mpira ukigonga kifua. Ninunue? Au nimtoe tu mtoto kwenye mchezo huo?"

Marahaba, mama, na pole kwa kukosa usingizi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nitajibu yote uliyouliza, lakini nikuambie mapema kwamba sentensi iliyonirudisha nyuma kuisoma tena haikuwa ile ya mchezaji wa Cleveland. Ilikuwa ile ya mdogo wako. Nitaifikia. Tuanze na kilichokunyima usingizi.

Mchezaji aliyekutajia mwenzako ni Ray Chapman. Tarehe 16 Agosti 1920, timu yake ya Cleveland ilikuwa New York ikicheza na Yankees katika uwanja wa Polo Grounds. Alikuwa na miaka 29, hajatimiza mwaka tangu aoe, na mkewe alikuwa mjamzito. Mrushaji wa Yankees siku hiyo, yaani anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo, alikuwa Carl Mays. Alikuwa na mtindo wa kurusha kutoka chini, mkono ukikaribia kufagia ardhi, kwa hiyo mpira ulichomoza mahali ambapo jicho la mpigaji halikuzoea kuutafuta. Tena zama zile mpira mmoja ulitumika hadi ukachakaa. Wachezaji waliupaka udongo, mate na maji ya tumbaku, ukawa na rangi ya uwanja wenyewe. Walioshuhudia walisema Chapman hakusogea hata kidogo, kama mtu ambaye hakuuona ukija. Ulimgonga upande wa kushoto wa kichwa kwa mlio mkali kiasi kwamba Mays alidhani umegonga gongo; uliporudi kwake aliuokota na kuurusha besi ya kwanza, kituo ambacho mpigaji hukikimbilia, ili amtoe nje. Chapman hakuwa na helmeti. Hakuna mchezaji aliyekuwa akivaa.

Sasa kuna jambo katika kisa hiki ambalo kwangu mimi daktari ni zito kuliko ule mpira. Chapman aliinuka. Wenzake walimsimamisha, akajaribu kutembea kwa miguu yake kuelekea chumba cha wachezaji, halafu miguu ikamwishia nguvu. Usiku walimpasua kichwa ili kupunguza mgandamizo kwenye ubongo, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 17 akafariki. Fuvu lilikuwa limevunjika, na ubongo ulikuwa umeumia upande uliopigwa na pia upande wa pili, kwa sababu ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai: ukilitikisa yai kwa nguvu, kiini hugonga kuta zote mbili. Fuvu halitanuki. Damu ikivuja ndani au ubongo ukivimba, nafasi inapungua taratibu, na mtu aliyekuwa anazungumza saa moja iliyopita anaanza kusinzia.

Kwa hiyo siku mwanao akipigwa kichwani, hata akiwa na helmeti, hata akiinuka na kukuambia "niko sawa, mama", siku hiyo mchezo wake umekwisha. Kocha akisema arudi uwanjani, wewe kataa. Kisha mwangalie. Akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kumuuma badala ya kupungua, akisinzia hata inakuwa kazi kumwamsha, akichanganya maneno, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, au akipata degedege, piga 911, namba ya dharura ya huko, bila kusubiri kupambazuke. Panadol na kulala si matibabu ya kichwa kilichopigwa.

Kifo cha Chapman kiliubadilisha mchezo, ingawa kwa mwendo unaoniumiza kila ninapoufikiria. Waamuzi walianza kuondoa mipira michafu mapema ili mpigaji aone mpira mweupe. Helmeti zilichelewa sana. Ligi Kuu ya Marekani ilizifanya za lazima mwaka 1971, nusu karne baada ya mazishi, na hata hapo wachezaji waliokuwepo tayari waliruhusiwa kuendelea bila helmeti. Wa mwisho kupiga mpira kichwa kikiwa na kofia ya kawaida tu alikuwa Bob Montgomery wa Boston, mwaka 1979. Kinga ya sikio, pale pale karibu na alipopigwa Chapman, ikawa lazima kwa wachezaji wapya mwaka 1983. Mwanao amezaliwa baada ya yote hayo. Helmeti anayopewa leo inafunika masikio yote mawili, na hakuna ligi ya watoto yenye kocha makini itakayomruhusu asimame na gongo bila hiyo. Na katika historia nzima ya Ligi Kuu, zaidi ya miaka 140, Chapman ndiye mchezaji pekee aliyeuawa na mpira uliorushwa na mrushaji. Katika ligi za chini walikuwepo wengine, wengi wao zama hizo za bila helmeti.

Kwa nini basi orodha uliyoiona ilikuwa ndefu? Kwa sababu imewaweka pamoja watu ambao hawakufa kwa sababu moja. Ukiipitia jina kwa jina utaona sehemu kubwa haihusu uwanja kabisa. Roberto Clemente wa Pittsburgh alifariki tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka msaada Nikaragua, ambako tetemeko lilikuwa limeibomoa Managua siku nane kabla. Alikuwa amesikia kwamba shehena zilizotangulia hazikuwafikia waathirika, zimeishia mikononi mwa wakubwa, akaamua kusafiri nazo mwenyewe. Ndege ilikuwa imezidiwa mzigo, ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kupaa kutoka San Juan, Puerto Rico. Mwili wake haukupatikana. Pigo lake la mafanikio la 3,000 alikuwa amelipata miezi mitatu tu kabla, na halikufuatiwa na jingine katika msimu wa kawaida. Mwanao akipenda kuwa na shujaa wa besiboli, mpe huyo.

Thurman Munson, mdakaji wa Yankees, alikufa mwaka 1979 akifanya mazoezi ya kutua na ndege yake binafsi katika uwanja wa Akron-Canton, huko huko Ohio. Steve Olin na Tim Crews, wote wa Cleveland, walikufa kwa ajali ya boti huko Florida mwaka 1993, na José Fernández wa Miami naye kwa boti mwaka 2016, akiwa na miaka 24. Nick Adenhart, miaka 22, aligongwa mwaka 2009 na dereva mlevi, saa chache baada ya kurusha mchezo mzuri. Oscar Taveras mwaka 2014, kisha Yordano Ventura na Andy Marte siku moja mwaka 2017 katika ajali mbili tofauti, walikufa kwa magari barabarani kwao Jamhuri ya Dominika. Haya ni machungu, lakini mama, mpira hauna hatia hapo. Mkanda wa gari utamlinda mwanao kuliko kumnyima gongo.

Lou Gehrig naye huwekwa kwenye orodha hizo. Alifariki mwaka 1941 akiwa na miaka 37, kwa ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, na Wamarekani hadi leo wanauita kwa jina lake. Alikuwa amecheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja. Ni ugonjwa, ungeweza kumpata mwalimu au mshona nguo.

Wapo wawili katika orodha ambao mimi huwasimulia wazazi, kwa sababu vifo vyao vilikuwa na dalili za kutangulia. Wa kwanza ni Steve Bechler wa Baltimore. Februari 2003, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu huko Florida, alizidiwa na joto uwanjani, joto la mwili likafika nyuzi 42, na kesho yake akafariki akiwa na miaka 23. Alikuwa na uzito mkubwa, hajala vizuri, mwili haujazoea joto, na alikuwa akitumia vidonge vya kupunguza mwili vyenye efedra, vya kununua dukani tu bila cheti cha daktari. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani iliipiga marufuku efedra katika virutubisho. Kwa hiyo poda na vidonge vya "nguvu" au vya "kukata mafuta" ambavyo vijana wanapeana, nyumbani kwako visiingie.

Kwa sisi watu wa pwani na wa Maziwa Makuu, habari ya joto ina jambo la ziada: selimundu. Wengi wetu tuna kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua hata siku moja. Mtoto wa namna hiyo anaruhusiwa kucheza, lakini akikimbizwa sana kwenye joto bila maji na bila kupumzishwa anaweza kulegea na kuanguka, misuli ikiuma na kuishiwa nguvu, na hali hiyo imeua wanamichezo vijana. Watoto wanaozaliwa Marekani hupimwa wakiwa wachanga. Wako, kama hesabu yangu ya miaka ni sawa, alizaliwa Tanzania, na huenda hajapimwa. Omba kipimo hicho. Ni damu kidogo tu.

Wa pili ni Darryl Kile wa St. Louis. Juni 2002 hakutokea uwanjani Chicago. Wakamkuta amefariki kitandani hotelini, miaka 33, mwili wa mwanamichezo. Mishipa miwili inayolisha moyo ilikuwa imeziba kwa asilimia 80 hadi 90. Baba yake naye alikuwa amefariki akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Mweke huyo kando kidogo, nitamrudia.

Tuje kwenye kifua na fulana. Hapa hofu yako ina msingi, ila maelezo uliyopewa yana kasoro. Watu hudhani mpira unaosimamisha moyo lazima uwe wa kasi ya kutisha, uvunje mbavu, upasue kitu. La. Madaktari wanaiita hali hii komosio kordisi, na mara nyingi ukiufungua moyo wa marehemu huoni jeraha lolote. Tatizo ni wakati. Umewahi kuona wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja: mmoja anapandisha mchi, mwingine anashusha, na kazi inakwenda kwa mpangilio. Mtu wa tatu akiingiza mchi bila kufuata zamu, wote wanavurugika. Moyo nao hutwanga kwa zamu ya umeme. Baada ya kila pigo kuna kitambo kifupi ambacho umeme unajipanga upya, sehemu moja ya msuli iko tayari na nyingine bado. Kifua kikigongwa barabara juu ya moyo katika kitambo hicho, takriban milisekunde 20 tu, umeme unavurugika na moyo unaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu. Majaribio ya maabara kwa nguruwe yalionyesha kwamba kasi ya hatari zaidi ni kama kilomita 64 kwa saa. Mtoto wa miaka 12 hurusha kwa kasi hiyo bila kujikaza.

Kwa nini watoto? Kwa sababu kifua chao bado ni chembamba na kinabonyea, nguvu yote inafika moyoni. Waathirika wengi ni wavulana wa miaka ya kubalehe, na mpira wa besiboli, mgumu na mdogo, ndio unaotajwa zaidi Marekani. Lakini pia pima ukubwa wa hatari: katika nchi nzima yenye mamilioni ya watoto wanaocheza, huripotiwa visa chini ya 30 kwa mwaka, kwa michezo yote.

Fulana sasa. Kwa miaka mingi kinga za kifua ziliuzwa kwa maneno makubwa kuliko uwezo wake. Wachunguzi walipokusanya visa vya wanamichezo wa timu, zaidi ya theluthi moja ya waliopatwa na hali hii walikuwa wamevaa kinga. Sponji ilizuia michubuko, haikuzuia moyo kuvurugika. Mwaka 2017 shirika la viwango vya vifaa vya michezo, NOCSAE, lilitoa kipimo maalumu kwa tatizo hili, ND200, na kinga zilizofaulu zina alama yake. Ukinunua, tafuta alama hiyo. Bila alama hiyo, weka hela yako. Mwenye haja nayo zaidi ni mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira mchana kutwa. Hata yenye alama isikufanye uone mtoto amevaa ngome. Kuna mambo mawili ya bure yanayosaidia: kumfundisha mtoto kugeuza mgongo na kuinamisha kidevu begani mpira ukimfuata, badala ya kuukingia kifua, na kumuuliza kocha kama mazoezini wanaweza kutumia mipira laini iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto.

Kinachookoa maisha ni kingine, na ningependa ukiulizie wiki hii hii: mashine ya kushtua moyo. Ni lile sanduku lenye maandishi AED utakaloliona kwenye kuta za shule na majengo mengi huko. Moyo uliovurugika hautulii wenyewe. Unahitaji kushtuliwa kwa umeme ili upate kuanza upya kwa mpangilio. Kila dakika inayopita bila mshtuo inapunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Zamani, kabla ya mwaka 1993, waliookoka komosio kordisi walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Katika takwimu za miaka ya 2006 hadi 2012 walikuwa zaidi ya nusu. Miili ya watoto haikubadilika. Watu waliokuwepo uwanjani ndio walijifunza kubonyeza kifua na kuleta mashine haraka.

Muulize kocha hivi: mashine iko wapi siku ya mazoezi, nani ana ufunguo, na nani anajua kuitumia? Kama iko ndani ya jengo lililofungwa jioni, ni sawa na kutokuwepo. Mtoto akipigwa kifuani, akapiga hatua moja mbili kisha akaanguka na haitikii, huyo moyo wake umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Anaweza kukoroma au kuhema kwa kukata kata, anaweza hata kurusha miguu. Watu hudhani ni kifafa, au wanafanya tuliyozoea nyumbani, kumwagia maji na kumnusisha kitunguu. Dakika zinaisha. Mmoja apige 911, mmoja akimbilie mashine, mmoja aweke viganja viwili katikati ya kifua na kubonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ikifika, ifungue. Inasema yenyewe ufanye nini, na haitampa umeme mtu asiyeuhitaji. Sheria za Marekani zinamlinda anayejaribu kuokoa kwa nia njema, usiogope kushtakiwa.

Jambo dogo kabla sijaendelea: ukienda kutazama mechi na mdogo wake, kaeni nyuma ya wavu. Mwaka 2007 Mike Coolbaugh, kocha aliyesimama karibu na besi ya kwanza huko Arkansas, alipigwa shingoni na mpira uliotoka kwenye gongo, ukapasua mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, akafariki akiwa na miaka 35. Mwaka uliofuata makocha wa pembeni walilazimishwa kuvaa helmeti. Mpira unaotoka kwenye gongo unakwenda kasi kuliko ule unaorushwa, na hauchagui wa kumpiga.

Basi nimtoe? Kama barua yako ingeishia kwenye Chapman na fulana, ningekujibu kwa moyo mweupe: mwache acheze. Kijana mgeni katika nchi ya watu, ambaye amepata timu, marafiki na kitu anachokipenda kuliko chakula, anapata faida ya mwili na ya nafsi inayozidi sana hatari nilizokueleza, ilimradi kuna helmeti, maji na mashine ya karibu.

Lakini uliandika kuhusu mdogo wako. Miaka 24, akicheza, akaanguka, hakuamka, na watu wakasema presha.

Mama, naiheshimu familia yako na sitaki kutonesha kidonda. Ila presha ya kawaida ni nadra sana kumuangusha kijana wa miaka 24 katikati ya mchezo. Kwetu "presha" ni jina tunalolipa kila kifo cha ghafla ambacho hakikuchunguzwa, kama wengine wanavyosema amerogwa. Kijana anapokufa akikimbia, sisi madaktari hufikiria kwanza maradhi ya moyo ya kurithi: msuli wa moyo ulionenepa kupita kiasi, umeme wa moyo wenye hitilafu tangu kuzaliwa, mishipa iliyokaa mahali pasipo pake. Utamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka uwanjani Lyon Juni 2003 akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha moyo ulionenepa wa namna hiyo. Maradhi hayo yako kwa mtu mmoja kati ya kama 500, na mzazi mwenye nayo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Mara nyingi hayana dalili hata moja. Sisemi ndivyo alivyokuwa mdogo wako. Nasema hakuna aliyeangalia, na mwanao ni mtoto wa dada yake.

Hapa ndipo Darryl Kile anaporudi. Kifo cha ghafla cha mtu mzima kijana ni taarifa kwa waliobaki, na taarifa hiyo kwa kawaida hupotea ndani ya neno moja. Fomu za uchunguzi kabla ya kucheza huko Marekani huuliza kama kuna ndugu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 35. Wengi wetu hujibu hapana, kwa sababu mjomba alikufa kwa presha, si kwa moyo. Ohio ina sheria inayoitwa Lindsay's Law, ambayo kila mwaka inamtaka mzazi wa mtoto mwanamichezo asome karatasi ya kusimama kwa moyo na kutia saini, na inamtaka kocha amwondoe uwanjani mtoto yeyote aliyezimia, asirudi mpaka daktari aandike. Karatasi hiyo pengine umeshaitia saini. Isome tena ukiwa na mdogo wako akilini.

Ninachokuomba ufanye ni hiki. Piga simu nyumbani, kwa mama au kwa aliyekuwepo siku ile, uulize kwa upole: alikuwa amewahi kuzimia? Alilalamika kifua au moyo kwenda mbio? Kuna mwingine katika ukoo aliyekufa ghafla, aliyezama akiwa mwogeleaji mzuri, mtoto aliyefia usingizini? Halafu mpigie daktari wa watoto wa mwanao, useme maneno haya haya: mjomba wake alifariki ghafla akicheza, akiwa na miaka 24, bila uchunguzi. Omba rufaa kwa daktari wa moyo wa watoto, apimwe umeme wa moyo, wanaouita EKG, na picha ya moyo kwa ultrasaundi. Havina sindano wala maumivu. Una haki ya mkalimani wa Kiswahili hospitalini bila malipo. Usimtume mtoto atafsiri habari za moyo wake mwenyewe.

Mpaka siku ya vipimo, ningemwomba asishindane wala kukimbia mbio ngumu. Aende uwanjani, akae na wenzake, afanye mazoezi ya kushika gongo na kurusha taratibu, na umweleze sababu kwa ukweli. Miaka 12 anaelewa. Kama amewahi kuzimia akikimbia, kupata maumivu ya kifua au kizunguzungu katikati ya mchezo, usisubiri rufaa, mpeleke apimwe sasa. Vipimo vikiwa safi, daktari huyo ndiye atakayekuambia kama vitarudiwa anapokua, kwa sababu baadhi ya maradhi haya hujitokeza katika miaka ya kubalehe.

Na wewe pia. Kwa damu, aliye karibu zaidi na marehemu kuliko mwanao ni wewe dada yake, na wadogo zako wengine waliobaki Tanga. Siku ya kumpeleka yeye, muulize daktari ni lini utapimwa wewe, na waambie wa nyumbani wakapimwe umeme wa moyo katika hospitali ya mkoa. Kama moyo wako hauna kitu, hofu juu ya mwanao nayo itapungua sana kwa upande huo wa ukoo, ingawa yeye atapimwa vile vile.